Siku Tatu za Ugonjwa Uliofutwa

Nchi ya Shwari haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asichungulie dirishani kwake akidhani ameiona. Ni nchi ya mbali sana. Huko, homa ya mbu ilikoma siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kwa Amri Namba Arobaini iliyotiwa saini na Mlezi wa Taifa kwa wino wa kijani. Waliougua Jumatatu waliruhusiwa kumalizia ugonjwa wao kwa utaratibu. Waliougua Jumanne baada ya chai walielezwa kwamba walichonacho si homa ya mbu, bali ni Joto la Kizalendo, ambalo huwapata watu wanaoipenda nchi yao kupita kiasi. Tiba yake ilikuwa kukaa kivulini, kunywa maji ya vuguvugu na kuimba wimbo wa taifa beti zote.

Waliokufa kwa joto hilo walizikwa kwa heshima, na familia zao zikapewa Cheti cha Uzalendo. Somoe, ambaye mtaa mzima wa Bondeni ulimwita Mama Tunu, alikuwa na vyeti viwili ukutani: cha mumewe na cha mwanawe wa kwanza. Vilitiwa katika fremu nzuri. Kila alipovitazama alijisikia kama mtu aliye kwenye foleni, anayesubiri jina la tatu liitwe.

Mama Tunu alikuwa mtumishi wa serikali. Aliajiriwa katika Nyumba ya Mbu ya Taifa kwa cheo cha Mhesabu Mizoga Daraja la Tatu. Kila mwisho wa mwezi alichukua mrija wa kunyonyea, akawavuta mbu majike mia moja kutoka kizimbani, akawagawa katika vibomba vinne vya plastiki vilivyozungushiwa ndani karatasi iliyolowekwa dawa. Dawa hiyo iliitwa Ushindi, na ndiyo pekee iliyoruhusiwa nchini. Ndiyo iliyotiwa kwenye vyandarua, ndiyo iliyopuliziwa kuta za nyumba, na ndiyo hiyo hiyo, katika chupa kubwa zaidi, iliyomwagwa kwenye mashamba ya nyanya ya Bondeni mara mbili kwa wiki. Baada ya saa moja mbu wote mia walikuwa wamelala chali, miguu juu, wapole kama walivyoishi. Mama Tunu aliwahesabu mmoja mmoja kwa kibano, akaandika 100. Mkurugenzi wake, Bwana Hokororo, aligonga muhuri, na redio ikapiga tarumbeta.

Hakuna aliyeuliza mbu hao walikuwa akina nani. Walikuwa mbu wa serikali. Walizaliwa kizimbani, kama walivyozaliwa wazazi wao na wazazi wa wazazi wao kwa miaka arobaini. Walinyonya maji ya sukari kwenye pamba, na kila Jumatano majike waliletewa sungura wa serikali aliyenyolewa mgongo. Hawakuwahi kukutana na Ushindi hata mara moja, mpaka siku ya kufa kwao. Mbu wa nje hawakupimwa kwa sababu iliyo wazi: kwa mujibu wa Amri Namba Arobaini, nje hakukuwa na mbu.

Sasa, Mama Tunu alikuwa na siri, na siri hiyo ilimkosesha raha hata alipokuwa anakula.

Mwaka aliofiwa na mume, alipokuwa anakunja chandarua asubuhi, aliwaona mbu wawili wametua juu ya chandarua chenyewe, palepale penye Ushindi mwingi, wakijipangusa miguu kama watu waliofika barazani baada ya safari. Aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akawavuta kwa mrija wake wa kazini, akawatia katika chupa tupu ya uji, na wakati wenzake walipokwenda kula akawapima kwenye kibomba kama anavyowapima wa serikali. Saa moja ikapita. Wawili hao hawakuona sababu ya kulala chali.

Tangu hapo alikuwa na daftari. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa na mimba ya Tunu, na mpaka leo alisoma kwa kidole, taratibu, bila kuruka neno, kama anayechambua mchele. Katika daftari hilo alipiga safu tatu: Bondeni, Sokoni na Mlimani. Kila mwezi alikamata mbu mia wasiokuwepo kutoka kila mtaa, akawapima kwa siri, akaandika. Mwaka wa kwanza, mbu wa Bondeni waliokufa walikuwa tisini na mmoja. Mwaka wa pili, sabini na wanne. Mwaka wa tatu, arobaini. Mwaka huu walikuwa wanne. Wa Sokoni walikufa theluthi. Wa Mlimani, ambako hakuna nyanya wala pampu za dawa, bado walikufa zaidi ya nusu. Ilikuwa kana kwamba watu wa mitaa hiyo hawakuwa wanaumwa na mbu wa ukoo mmoja.

Hakuna aliyemfundisha maana ya namba hizo. Aliielewa kwa kuzitazama, na kwa kuwakumbuka watoto wake. Tunu alikula karanga kiganja kizima bila neno, ilhali marehemu kaka yake alivimba midomo kwa punje moja. Na wote wawili aliwazaa yeye, katika chumba kimoja. Watoto wa mbu nao hawalingani. Katika maelfu, huzaliwa wachache walio na kitu tofauti ndani yao, kitu kidogo tu, kisichoonekana kwa macho. Ushindi unapopita, unawaua wote wasio nacho. Wale wachache wanabaki na madimbwi yote, damu yote na wachumba wote, na watoto wao wanafanana nao. Dawa haikuwafundisha mbu kuishi. Iliwachagua.

Alipofika kwenye wazo hilo alifunga daftari, akalisukuma chini ya gunia la mkaa. Adhabu ya kumiliki mbu asiyekuwepo ilikuwa kifungo cha miaka saba. Adhabu ya kumhesabu haikuandikwa popote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

*

Jumatatu moja Tunu, aliyekuwa na miaka minane, alirudi kutoka shuleni saa tano akajifunika kanga mbili juani.

"Mama, nina baridi."

Mama Tunu aliweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, akauondoa upesi. Alilijua joto lile. Lilikuwa na namna yake ya kuja, kwanza baridi ya kugonganisha meno, kisha moto, kisha jasho, kisha utulivu wa kudanganya. Alikuwa ameliona likiingia nyumbani kwake mara mbili, na mara zote mbili liliondoka na mtu.

"Mwalimu amesema nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Amesema nina uzalendo mwingi. Darasa zima limenipigia makofi."

Kesho yake asubuhi alimwacha kwa jirani, akaenda Makumbusho ya Magonjwa ya Zamani. Jengo hilo lilikuwa zahanati kabla ya Amri Namba Arobaini. Sista Agripina, aliyekuwa muuguzi, sasa alikuwa mwongoza watalii. Alikuwa bado anavaa sare nyeupe, lakini mfukoni, badala ya kipimajoto, alikuwa na kifimbo cha kuonyeshea. Katikati ya ukumbi palikuwa na kabati la kioo lenye kufuli mbili, na ndani yake, zimepangwa kama keki za harusi, pakiti za vidonge vya homa ya mbu. Kadi ya maelezo ilisema: *Vidonge vilivyotumiwa na wazee wetu, enzi walipokuwa wakiugua.*

Mama Tunu aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Usiguse kioo, dada," Sista alisema kwa sauti ya juu, kwa ajili ya askari wa mlangoni. Kisha akashusha sauti. "Nani?"

"Tunu."

"Tangu lini?"

"Jana saa tano."

Sista Agripina alinyoosha kifimbo kuelekea pakiti ya juu kabisa, kana kwamba anaeleza historia. "Vidonge hivi vya hapa vilikuwa vya watoto. Vililetwa vipya mwaka jana kwa ajili ya maonyesho, havijaisha muda." Kifimbo kiligonga kioo. "Funguo ziko mbili, mwenzangu. Moja ninayo mimi. Ya pili iko kwa Waziri, na Waziri hafungui mpaka kuwe na ugonjwa, na ugonjwa hauwi mpaka kuwe na amri. Wiki hii wamekuja akina mama kumi na sita kutazama. Kumi na sita! Mtalii wa kweli sijamwona hata mmoja."

"Nina muda gani?"

"Mtoto wa umri ule?" Sista alitazama sakafu. "Siku nne. Ukiona anaanza kuongea na watu wasiokuwepo, siku moja."

"Ziara imekwisha!" askari alipaza sauti. "Wazalendo wengine wanasubiri."

*

Siku hiyo hiyo Nyumba ya Mbu ilipokea barua yenye muhuri wa dhahabu. Mlezi wa Taifa, katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa kukoma kwa homa ya mbu, angefika Alhamisi saa nne kushuhudia kwa macho yake mbu mia moja wakifa kwa Ushindi.

Bwana Hokororo aliisoma barua mara tano. Alikuwa mtu mnene mwenye woga mwembamba, ule unaopenya kila mahali. Alifungua Kitabu cha Itifaki ukurasa wa mapokezi, akafuata kila kifungu. Njia ikafagiliwa. Mawe yakapakwa chokaa. Sungura akaoshwa. Kifungu cha tisa kilisema: *Mahali popote atakapoingia Mlezi papuliziwe dawa ya kuua mbu, kona zote, saa kumi na mbili kabla.* Jumatano usiku Hokororo alisimamia upuliziaji huo yeye mwenyewe, kona zote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii, alianza na chumba cha vizimba.

Alhamisi saa moja asubuhi Mama Tunu alifika kazini akiwa amekesha kwa kumkanda Tunu kwa maji. Alikuta ukimya. Kwa miaka tisa chumba kile kilikuwa na sauti nyembamba isiyokoma, kama uzi unaovutwa. Leo hakikuwa na sauti. Sakafu za vizimba zilikuwa nyeusi kwa mizoga. Miaka arobaini ya ukoo wa serikali ilikuwa imelala chali.

Hokororo aliingia, akatazama, na kwa dakika nzima uso wake uling'aa. "Umeona, Mama Tunu? Umeona dawa inavyofanya kazi?" Halafu akakumbuka saa nne. Alikaa chini, palepale sakafuni, juu ya mizoga.

"Mkurugenzi, simama, utachafuka."

"Nitanyongwa," alisema kwa utulivu. "Watauliza nani amewaua mbu wa Mlezi kabla ya Mlezi." Kisha akaruka akamshika mikono. "Nenda ukalete wengine. Mia moja. Kabla ya saa tatu na nusu."

"Mkurugenzi, mbu hawapo nchini."

"Najua hawapo! Nenda ukawalete!"

Mama Tunu alitazama mrija wake uliokuwa mezani. Alijua walipo mbu mia. Walikuwa chumbani kwake, juu ya chandarua, wakimsubiri mtoto wake. Alijua pia kwamba kati yao wangekufa wanne. Akikataa, angefungwa leo. Akiwaleta, angefungwa saa tano. Njia zote mbili zilikuwa na mlango wa jela mwishoni, ila moja ilipita mbele ya macho ya mtu anayeshika wino wa kijani.

"Nitawaleta," alisema. "Lakini Mkurugenzi, wewe ndiye uliyeniagiza."

"Mimi sijakuagiza kitu," alijibu Hokororo. "Haraka!"

Alikimbia hadi Bondeni. Tunu alikuwa amelala chini ya chandarua, midomo imekauka, macho yamefunguka nusu. Mbu walikuwa wametanda juu ya chandarua kama mtama uliomwagwa. Mama Tunu aliwavuta kwa mrija, mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa themanini, mtoto alizungumza.

"Baba, sogea kidogo. Umekalia mguu wangu."

Mama Tunu aligeuka. Hakukuwa na mtu. Alikumbuka maneno ya Sista kuhusu siku moja, akavuta mbu ishirini waliobaki bila kupumua.

*

Ukumbi ulijaa mawaziri. Mlezi wa Taifa alikaa kwenye kiti kilichoinuliwa, mzee mdogo mwenye glavu nyeupe, ambaye hakuna aliyemwona akikohoa kwa miaka kumi. Vibomba vinne viliwekwa mbele yake juu ya kitambaa cha velveti. Kwa kuwa dawa ilihitaji saa moja, Waziri wa Ushindi wa Afya, Mheshimiwa Likungu, alikuwa ameandaa hotuba ya saa moja.

"Mlezi wetu," alianza, "leo tunao mbele yetu maadui mia moja, ambao kwa hiari yao, wakitambua makosa yao ya kihistoria, wamekubali kufa!"

Makofi yalipigwa. Ndani ya vibomba, maadui walizunguka mara mbili tatu, wakachagua mahali, wakatua kwenye karatasi ya Ushindi. Robo saa ikapita. Mmoja alianguka, na Mama Tunu aliyesimama nyuma na kibano chake aliomba wenzake wamfuate. Na hapo hapo akaomba wasimfuate. Na hakujua tena alikuwa anaogopa nini zaidi. Nusu saa. Waziri alitupa jicho vibombani katikati ya sentensi, akameza mate, akaongeza sauti. Saa moja ikatimia.

"Mhesabu!" aliita Waziri, jasho likimtiririka kidevuni. "Mwambie Mlezi wa Taifa. Wamekufa wangapi?"

Mama Tunu alisogea. Aliwatazama wale mbu kwa muda unaostahili. Kwa miaka tisa neno moja lilikuwa limelala tayari ulimini mwake, na lilikuwa jepesi. Aliwaza mdomo mkavu wa Tunu.

"Wanne, Mheshimiwa."

"Mia," alisema Waziri.

"Wanne."

"Mhesabu amepatwa na Joto la Kizalendo," Waziri aliutangazia ukumbi. "Mkurugenzi Hokororo, hesabu wewe."

Hokororo hakutazama hata kibomba. "Mia moja, Mheshimiwa. Pengine mia moja na mbili."

Mawaziri waliitwa mmoja mmoja. Wa Barabara alihesabu mia. Wa Mifugo alihesabu mia, akasifu unono wa mizoga. Mmoja wa mizoga hiyo wakati huo alikuwa anatembea juu ya kioo.

"Huyu anatembea," alisema Mlezi wa Taifa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni maiti, Mlezi. Upepo unamsukuma."

"Ndani ya kibomba?"

Waziri Likungu alikuwa amefika mahali ambapo mtu hawezi kurudi nyuma wala kusimama. Alikamata kibomba cha kwanza, akakifungua. "Mlezi avue glavu," alisema, "ajionee mwenyewe jinsi walivyokufa!" Akamwaga maiti ishirini na tano kwenye kiganja cha Mlezi wa Taifa.

Maiti walitua. Walikuwa hawajala tangu jana yake. Watatu walimuuma Mlezi kwenye kidole gumba, mmoja kwenye sikio, na waliosalia walimfuata Waziri shingoni. Mlezi alitazama tone la damu yake. Kisha, mbele ya serikali nzima, meno yake yakaanza kugongana.

"Baridi," alisema. "Nasikia baridi."

Mama Tunu alijua jambo ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyelijua: ugonjwa wa mbu huchukua siku kumi, kumi na mbili, kukomaa mwilini. Kilichokuwa kinamtetemesha Mlezi wa Taifa hakikutoka kwa mbu. Kilikuwa kile kile alichokuwa nacho yeye kila asubuhi alipokunja chandarua; tofauti ni kwamba mwenzake alikuwa hajakizoea.

Alifunga mdomo wake, akaufunga kweli.

*

Saa sita mchana redio ilisoma Amri Namba Arobaini na Moja. Kwa hekima ya Mlezi, na ili vijana wapate kuijua historia, homa ya mbu inarejeshwa nchini kuanzia saa sita ya leo hadi saa sita ya kesho. Baada ya hapo itakoma tena. Bwana Hokororo, iliongeza redio, anashikiliwa kwa kosa la kuwaua mbu wa serikali kwa kutumia dawa inayofanya kazi kupita kiwango. Faili la Mhesabu lilikuwa bado linaandikwa.

Mama Tunu hakusikia sehemu ya mwisho. Alikuwa tayari yuko barabarani, Tunu mgongoni, akikimbia. Alipofika Makumbusho alikuta Bondeni yote imefika kabla yake, wanawake kwa wanaume, kila mtu amebeba mzalendo wake. Kabati lilikuwa limefunguliwa. Waziri Likungu mwenyewe alisimama kando yake, amekuja kuchukua dozi ya Mlezi kwa mkono wake, maana hakumwamini mtu.

Sista Agripina alikuwa anagawa vidonge huku machozi yanamtoka na hana nafasi ya kuyafuta. Aliviponda vya Tunu katika kijiko cha maji. Tunu alimeza, akatapika. Sista akaponda vingine. Wakasubiri, na mama akamshikilia mtoto kidevu mpaka vikatulia.

"Kingine saa mbili usiku," Sista alisema. "Kesho asubuhi kimoja. Halafu..." Alimsukumia pakiti.

Mama Tunu alichukua kikaratasi kilichomo ndani, akaweka kidole kwenye mstari. Alisoma polepole, watu wakimsukuma mgongoni. *Dozi hii ni ya siku tatu. Usiache katikati hata kama mgonjwa anapata nafuu.* Alirudia. Siku tatu. Amri ilikuwa ya siku moja.

Alizielewa siku hizo mbili zilizopungua kama alivyozielewa safu za daftari lake. Ukiwaua wadudu nusu, unaobaki nao ni wale waliokuwa wagumu kufa, na damu ya Tunu ndiyo itakayokuwa dimbwi lao. Alimkabidhi mtoto kwa Sista, akamwendea Waziri.

"Mheshimiwa, samahani. Karatasi inasema siku tatu."

"Karatasi gani?"

"Hii ya ndani ya pakiti."

"Imesainiwa na nani?"

"Haina saini, Mheshimiwa."

"Basi si amri. Na wewe si yule wa wanne?" Alimtazama kwa chuki ya mtu anayewashwa shingo. "Faili lako litakamilika kesho."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini hata kwa Mlezi ni siku tatu. Akiishia katikati, joto litarudi limekomaa. Watauliza nani alimletea dawa ya siku moja."

Waziri alitazama pakiti iliyokuwa mkononi mwake kama aliyegundua ameshika nyoka. "Na nani," alinong'ona, "atakayemwambia Mlezi kwamba amri yake ni fupi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo iundwe, waziri na mhesabu mizoga walikuwa wanaogopa kitu kimoja kwa kiasi sawa.

"Usimwambie ni fupi, Mheshimiwa," Mama Tunu alisema. "Mwambie ni tamasha. Sherehe ya kitaifa haifanywi siku moja."

Saa kumi na moja jioni redio ilitangaza Tamasha la Siku Tatu la Kuuaga Ugonjwa, lenye ngoma, gwaride na vidonge.

*

Tunu alimaliza dozi. Siku ya nne aliomba karanga. Mama yake alimtazama akizitafuna, moja baada ya nyingine, akatoka nje akalia nyuma ya jiko.

Homa ya mbu ilikoma tena, kwa mujibu wa sheria, Jumapili saa sita. Mbu hawakuarifiwa. Kila jioni walirudi juu ya chandarua kile kile, na Mama Tunu alikaa na kanga akiwafukuza mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuwa na dawa ya pili, na alijua hakuna mwenye nayo; kabati la Makumbusho lilikuwa limebaki na kadi za maelezo. Alisubiri mambo mawili: faili lake, na siku ya kumi na mbili tangu Mlezi alipoumwa, maana vidonge alivyomeza kabla ugonjwa haujakomaa visingemsaidia.

Yalifika pamoja. Siku hiyo alikuwa peke yake katika chumba cha vizimba vitupu, alipoingia Waziri Likungu bila gari la king'ora wala mlinzi. Alikuwa amevaa koti zito la sufu katika jua la saa saba. Meno yake yalikuwa yanagongana, na safari hii haikuwa kwa woga peke yake.

"Mlezi je?" Mama Tunu aliuliza.

"Mlezi amelala. Anaongea na watu wasiokuwepo. Anawaapisha." Waziri alikaa kwenye kiti cha Hokororo, akaweka mezani vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa faili jekundu lenye jina la Mama Tunu. Cha pili kilikuwa fomu ndefu yenye nembo ya nchi jirani. "Tumewaomba vidonge. Tumewaomba na vyandarua vya dawa nyingine. Wanavyo vyote, malori yamejaa, yamesimama mpakani. Wanataka tujaze mstari mmoja tu: kati ya mbu mia wa nje, Ushindi unaua wangapi, kila mtaa, kila mwaka."

"Mlijaza?"

"Tulijaza mia. Wameturudishia. Wanasema, kama wanakufa wote mia, mnataka dawa za nini?" Aliukunja mwili kwa baridi. "Hokororo ametuambia kuna daftari."

Mama Tunu alianza kupiga hesabu. Miaka saba kwa kila mbu. Mbu elfu kadhaa. Akilitoa, faili lile jekundu halikuhitaji ushahidi mwingine. Asipolitoa, malori yangegeuza, na leo jioni mbu wangetua mahali pale pale, juu ya Tunu, ambaye alikuwa amepona mara moja tu.

Aliingiza mkono katika kikapu chake, chini ya chupa ya uji, ambapo daftari lilikuwa tangu siku ile aliyojua kwamba watakuja. Aliliweka mezani, akalifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mheshimiwa," alisema, "unataka namba ya Serikali, au namba ya mbu?"

Waziri alitazama mlango. Akatazama dirisha. Alivuta kola ya koti mpaka masikioni, akajibu kwa sauti ambayo hakuna redio ingeweza kuinasa.

"Ya mbu."

Mama Tunu alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaanza kumsomea, taratibu, bila kuruka neno.